Oksijeni inasoma vizuri, presha imekaa sawa, mbona figo zinafeli? Maambukizi makali yanavyozima nishati ndani ya seli

#1 · Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wagonjwa mahututi (ICU). Swali ninaloulizwa na ndugu wa wagonjwa kuliko yote ni hili: "Mashine inasoma oksijeni 97, presha mmesema imekaa sawa, sasa figo zinafelije?" Ni swali la haki kabisa, na halijibiki vizuri watu mkiwa mmesimama mlangoni mwa wodi, huyu analia, yule simu inaita. Naliweka hapa kwa kirefu. Uzi ni mrefu, vumilieni.

Tunazungumzia sepsisi, ile hali ambayo wengi huiita sumu kwenye damu. Tangu 2016 wataalamu wanaieleza hivi: viungo vinafeli kiasi cha kuhatarisha maisha kwa sababu mwili umeyajibu maambukizi kwa namna iliyopotea njia. Maambukizi yanaweza kuanzia popote: mapafu, njia ya mkojo, utumbo uliotoboka, kidonda, mfuko wa uzazi baada ya kujifungua. Makadirio ya 2017 yalikuwa wagonjwa milioni 48.9 duniani na vifo milioni 11, yaani karibu kifo kimoja katika kila vifo vitano.

Wengi hudhani bakteria wanatembea mwilini wakikitafuna kiungo kimoja baada ya kingine. Pale maambukizi yalipo, sawa, uharibifu wa aina hiyo upo. Lakini kuna mgonjwa ana nimonia, bakteria wako kwenye pafu, damu yake ikioteshwa maabara haioti kitu, na bado figo, ini na ubongo vinayumba. Huko bakteria hawajafika. Kilichofika ni majibu ya mwili wake mwenyewe.

Tuingie ndani ya seli, maana jibu liko huko.

Kila seli inaishi kwa ATP, molekuli inayobeba nishati ya kufanyia kazi. Moyo kudunda, figo kurudisha chumvi kwenye damu, ubongo kupitisha taarifa, vyote hivyo vinatumia ATP. Mwili hauna akiba yake ya maana. Unaitengeneza na kuitumia papo hapo, na inakadiriwa kwamba kwa siku moja mtu mzima hutengeneza na kuvunja ATP inayokaribia uzito wa mwili wake. Sehemu kubwa hutengenezwa kwenye mitokondria, yaani vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli. Humo elektroni zinazotokana na chakula hupita kwenye msururu wa protini, kompleksi ya I hadi ya IV, na mwisho wa msururu hukabidhiwa oksijeni. Zikipita, protoni husukumwa upande mmoja wa utando na kujaa kama maji nyuma ya bwawa, kisha zikirudi kupitia kimeng'enya maalumu hukizungusha na ATP hutoka. Molekuli moja ya glukosi ikipita njia yote hii hutoa ATP takribani 30. Ikiishia nje ya mitokondria, bila oksijeni, hutoa 2 tu.

Kwenye sepsisi msururu huo ndio unaopigwa. Seli za kinga na kuta za mishipa hutengeneza nitriki oksidi kwa wingi. Kazi yake ya asili ni njema, inaua vimelea na inalegeza mishipa. Shida ni kwamba ni molekuli ndogo sana, inapenya kila mahali, na ikifika kwenye kompleksi ya IV inajishikiza pale pale oksijeni inapotakiwa kushika. Oksijeni imeletwa hadi mlangoni mwa mitokondria na haina pa kuingilia. Kisha nitriki oksidi ikikutana na superoksidi (oksijeni iliyogeuka kuwa kali baada ya kudaka elektroni) inazaliwa peroksinitriti, kitu kikali kinachoiharibu kompleksi ya I kwa namna isiyorudi haraka. Glutathioni, ambayo ndiyo kinga ya seli dhidi ya mashambulizi ya aina hiyo, nayo inaisha. Na kimeng'enya kinachoruhusu mazao ya glukosi kuingia mitokondria kinabanwa, kwa hiyo hata malighafi inapungua.

Haya hayakubaki nadharia. Mwaka 2002 timu ya London, wakiwemo David Brealey na Mervyn Singer, ilichapisha matokeo ya vipande vidogo vya misuli vilivyochukuliwa kwa wagonjwa 28 wa shoki ya sepsisi (sepsisi iliyofika hatua ya kuangusha presha) ndani ya saa 24 tangu waingie ICU. Walifariki 12. Misuli ya hao 12 ilikuwa na takribani nusu ya ATP iliyokutwa kwa wale 16 waliopona. Na kadiri mabaki ya nitriki oksidi yalivyokuwa mengi, ndivyo kompleksi ya I ilivyofanya kazi kidogo.

Jingine ni hili, ambalo mimi binafsi lilinibadilisha namna ya kumtazama mgonjwa. Watafiti waliopima oksijeni ndani ya misuli ya wagonjwa wa sepsisi miaka ya 1990 walikuta iko juu, haikupungua. Sisi wodini tunaliona hilo kwa njia nyingine: tukichukua damu inayorudi moyoni, wakati mwingine tunaikuta bado imebeba oksijeni nyingi kuliko kawaida. Imezunguka mwili mzima na imerudi na mzigo wake.

Sasa figo. Seli za mirija ya figo zimejaa mitokondria kwa sababu kazi yake ya kurudisha chumvi na maji kwenye damu ni nzito na haisimami usiku wala mchana. ATP ikipungua, zinaacha kazi hiyo. Mtu wa kilo 60 tunategemea atoe angalau mililita 30 za mkojo kwa saa. Unasimama pembeni ya kitanda unasoma mfuko: saa hii 35, inayofuata 20, inayofuata 8, rangi inazidi kukolea. Presha kwenye skrini haijatikisika. Na vipimo kwa wanyama wenye sepsisi vimeonyesha kwamba damu inayoingia kwenye figo inaweza kuwa ya kawaida, hata kuzidi kawaida, na figo bado ikafeli.

Sisemi kwamba mzunguko wa damu hauna neno. Mishipa midogo kabisa inaziba kwa mabonge madogo ya damu iliyoganda, kuta zake zinavuja, sehemu moja ya kiungo inapata damu nyingi na jirani yake inakosa. Hayo yapo na yanaua. Ila ukiyatibu yote hayo, tatizo la ndani ya seli linaweza kubaki.

Halafu kuna uchunguzi wa maiti. Richard Hotchkiss na wenzake wa Marekani mwaka 1999 walichunguza tishu za watu waliofariki kwa sepsisi. Viungo vilikuwa vimefeli vyote, lakini ukiziangalia seli za moyo, figo na ini kwa hadubini, nyingi zilikuwa nzima. Hazikufa kwa kiwango kinachoelezea kifo cha mwenye mwili. Maana yake, kwa wengi kiungo huwa kimesimamisha kazi kabla hakijafa, na hapo ndipo matumaini yote ya tiba yalipo. Figo ya mgonjwa aliyepona sepsisi mara nyingi huanza tena kutoa mkojo. Moyo uliotanuka na kulegea hurudi. Margaret Parker na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1984: kwa walionusurika, moyo ulirudi katika hali yake ndani ya siku 7 hadi 10.

Karibuni kwa maswali.

#2

Mkuu umeeleza vizuri sana, ubarikiwe. Ila nimebaki na kitu. Kama seli haitumii oksijeni, si mumwongezee zaidi? Na moyo si upewe dawa udunde kwa nguvu, damu ifike kwa wingi? Mzee wangu aliwekewa oksijeni ya kawaida tu na tulilalamika sana.

#3 · Mleta uzi

Ndugu yangu wa #2, pole kwa mlichopitia. Ulichokisema ndicho walichofikiri madaktari wa ICU kwa miaka mingi, na walikijaribu kwa dhati. Mwaka 1994 Hayes na wenzake Uingereza waliwapa wagonjwa mahututi dobutamini ili kuusukuma moyo upeleke oksijeni kuzidi kawaida. Vifo hospitalini vilikuwa 54% kwa waliosukumwa, na 34% kwa ambao hawakusukumwa. Mwaka uliofuata utafiti mkubwa wa Italia wa Gattinoni haukukuta faida yoyote.

Ukiishajua habari ya mitokondria, matokeo hayo yanaeleweka. Unamlazimisha afanye kazi mtu ambaye hana nishati. Tena oksijeni iliyozidi kwenye msururu ulioharibika ni malighafi ya superoksidi zaidi. Kwa hiyo oksijeni anapewa ya kumtosha, presha inapandishwa hadi kiwango cha kutosha (presha ya wastani ya mishipa, ambayo si ile namba ya juu, ifike 65 kwa walio wengi), na hapo tunasimama.

Maji ya mshipani ni hivyo hivyo. Mwongozo wa kimataifa unapendekeza kuanza na angalau mililita 30 kwa kilo ndani ya saa 3 kwa mtu mzima mwenye shoki au dalili kwamba damu haifiki kwenye viungo. Lakini mwaka 2011 utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda kwa watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko mbaya wa damu, ulikuta waliomiminiwa maji kwa kasi walifariki zaidi ndani ya saa 48: takribani 10.5% dhidi ya 7.3%. Nasisitiza, watoto waliopungukiwa maji kwa kuharisha hawakuwemo kwenye utafiti huo, na mtoto wa namna hiyo anahitaji maji. Asije mtu akasoma hapa akamnyima.

#4

Nipo maabara. Naomba kuongeza kuhusu lakteti, ile asidi inayobaki kwenye damu glukosi ikivunjwa nje ya mitokondria, maana watu wanaambiwa "lakteti imepanda" na wanaachwa hewani. Kawaida inatakiwa iwe chini ya milimoli 2 kwa lita. Tulifundishwa kwamba ikipanda basi tishu zimekosa oksijeni. Kwa alichoeleza mleta uzi, hiyo si lazima iwe hivyo.

#5 · Mleta uzi

Umegusa penyewe mkuu. Lakteti hupanda kwa njia zaidi ya moja kwenye sepsisi. Glukosi inavunjwa kwa kasi na mitokondria haipokei mazao yake, hiyo moja. Adrenalini, ya mwili au tunayompa sisi, inaisukuma misuli ivunje glukosi haraka hata kama oksijeni imejaa tele. Na ini, ambalo ndilo lingeisafisha lakteti, nalo limechoka. Kwa hiyo namba ile inakuambia mgonjwa yuko hatarini, haikuambii sababu. Mwenye shoki ambaye lakteti yake imevuka 2 baada ya kupewa maji ya kutosha, na presha inasimama kwa dawa tu, yuko kwenye kundi ambalo vifo huvuka 40%.

Kuna kipimo kimoja nakipenda kwa sababu hakihitaji mashine. Unabana ncha ya kidole hadi ngozi iwe nyeupe, unashikilia kwa sekunde 10, unaachia, unahesabu hadi rangi irudi. Ikizidi sekunde 3, damu haifiki vizuri. Utafiti wa ANDROMEDA-SHOCK uliotoka 2019 ulilinganisha kuongoza tiba ya mgonjwa kwa kipimo hiki cha kidole na kuiongoza kwa lakteti, na wale wa kidole hawakufanya vibaya kuliko wenzao.

#6

Tatizo hospitali haziwapi watu vitamini C ya mshipani. Kama shida ni sumu za oksijeni, antioksidanti si ndiyo dawa? Nimeona video nyingi sana za watu waliopona.

#7 · Mleta uzi

Mkuu, nilitamani iwe kweli. Wazo lenyewe lina mantiki na wengi tulilipokea kwa mikono miwili. Likapimwa. LOVIT, utafiti uliotoka 2022 ukiwa na wagonjwa 872, uliwapa baadhi vitamini C ya mshipani kwa dozi kubwa. Waliofariki au kubaki na viungo vilivyofeli hadi siku ya 28 walikuwa 44.5% kwa waliopewa na 38.5% kwa wasiopewa. Yaani waliopewa walifanya vibaya zaidi.

Hata kuizuia nitriki oksidi kulijaribiwa. Dawa ilipandisha presha vizuri kabisa, lakini utafiti ulisimamishwa, na matokeo yaliyochapishwa 2004 yalikuwa vifo 59% kwa waliopewa na 49% kwa wasiopewa. Kitu kile kile kinachobana mitokondria ndicho kinachofungua mishipa midogo damu ipite. Ukikizima mwili mzima, unafunga na njia. Kwa hili nasema bila kusita: mpaka leo hakuna dawa ya kuiamsha mitokondria ya mgonjwa wa sepsisi iliyothibitishwa kuokoa maisha, na anayekuuzia anakuumiza.

#8

Nilisoma sekondari kwamba mitokondria ilikuwa bakteria zamani. Sasa hizi antibiotiki haziiui?

#9 · Mleta uzi

Swali zuri mno. Ndiyo, asili yake ni bakteria walioingia ndani ya seli nyingine zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita wakabaki humo. Bado ina DNA yake ya duara na ribosomu zinazofanana na za bakteria. Kwa sababu hiyo baadhi ya antibiotiki huigusa. Linezolidi ikitumika kwa muda mrefu inaweza kuzuia mitokondria kutengeneza protini zake, lakteti ikapanda. Gentamisini na ndugu zake zina madhara kwenye figo na masikio, na mitokondria imo katika visa hivyo. Tunapima figo, tunarekebisha dozi, tunafupisha siku pale inapowezekana.

Lakini asikimbie mtu antibiotiki kwa hilo! Kwenye utafiti wa Kumar wa 2006, kila saa moja ya kuchelewa antibiotiki sahihi baada ya presha kushuka iliambatana na nafasi ya kupona kupungua kwa wastani wa 7.6%. Hakuna kitu kingine tunachompa mgonjwa wa shoki kinachokaribia uzito huo, ukiacha kuondoa chanzo: usaha utolewe, utumbo uliotoboka ushonwe, mpira wa mkojo ulioambukizwa uondolewe.

Na asili hiyo ya bakteria ina upande mwingine wa kusikitisha. Seli ikipasuka, vipande vya mitokondria vinamwagika kwenye damu, na kinga inavisoma kama bakteria wapya. Jarida la Nature mwaka 2010 lilichapisha kazi ya Zhang na wenzake kwa majeruhi wa ajali: damu yao ilijaa DNA ya mitokondria, na vipande hivyo viliziamsha seli za kinga kama ambavyo bakteria wangefanya. Ndiyo sababu mtu aliyeumia vibaya bila kidonda kuoza anaweza kuonekana sawasawa na mwenye sepsisi. Kinga inazidi kuwaka, mitokondria inazidi kuumia, mzunguko unajilisha wenyewe.

#10

Naomba nipinge kidogo. Mleta uzi unasema seli "zimesimamisha kazi" kana kwamba ni jambo jema. Kama ni kinga, mbona watu wanafariki? Na Hotchkiss huyo huyo alionyesha seli za kinga zinakufa kwa wingi. Mimi naona hii hoja ya seli kujizima inapambwa sana.

#11 · Mleta uzi

Mkuu #10, hoja yako ina uzito. Kweli kabisa, limfosaiti (aina ya seli za kinga) na seli za ukuta wa utumbo zilikutwa zikifa kwa wingi. Ndiyo maana mgonjwa aliyevuka siku za mwanzo anaweza kupigwa na maambukizi ya pili ambayo mtu mzima wa afya asingeyahisi.

Kuhusu kujizima: Singer na wenzake walilitoa wazo hilo mwaka 2004, kwamba kufeli kwa viungo vingi kwa pamoja ni namna seli inavyopunguza matumizi ili isife pale ATP inapopungua. ATP ikishuka chini ya kiwango fulani seli inakufa. Ikipunguza kazi mapema, kile kidogo kilichopo kinatosha kuilinda. Ni maelezo yanayoendana na seli nzima chini ya hadubini na viungo vinavyorudi. Lakini seli inajilinda yenyewe, haijui kwamba mwenye mwili anahitaji figo. Figo ikijizima, potasiamu inapanda na moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo kinachoilinda seli kinaweza kumuua mtu, na kazi yetu ICU ni kuziba pengo hilo: mashine ipumue kwa niaba ya mapafu, dialisisi isafishe damu, mpaka seli ziamke.

Ninachokubaliana nawe kabisa ni kwamba wapo ambao hazikuamka, na sitaki ndugu zao wasome hapa wakadhani kulikuwa na kitu cha kubonyeza kikasahaulika.

#12

Mleta uzi shikamoo. Mama yangu alitoka ICU wiki kadhaa zilizopita, alilazwa kwa maambukizi ya njia ya mkojo yaliyopanda. Figo zimerudi, daktari kafurahi. Lakini mama hawezi kusimama peke yake, anasahau, anachoka hata akiongea. Watu wanasema anadeka. Mimi nachanganyikiwa.

#13 · Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Kwanza mshukuru Mungu kwa figo. Pili, mama hadeki, na naomba uwaambie hivyo hao watu.

Ile misuli ambayo watafiti waliikuta imeishiwa ATP ndiyo hii inayomfanya ashindwe kusimama. Mgonjwa mahututi hupoteza misuli kwa kasi kubwa, na ile inayobaki ina mitokondria iliyoharibika inayotakiwa kujengwa upya. Carré na wenzake mwaka 2010 walikuta kwamba wagonjwa waliopona ni wale ambao miili yao ilianza mapema kutengeneza mitokondria mpya. Kwa hiyo mwili wa mama ulishaanza kazi hiyo akiwa bado kitandani, na haiishi kwa wiki chache. Kwa wengi ni miezi. Kusahau nako ni kawaida baada ya sepsisi, hasa kama alichanganyikiwa akiwa wodini. Kwa wengine hupungua, kwa wengine hubaki kwa muda mrefu.

Asimamishwe kidogo kidogo kila siku, akae kwenye kiti badala ya kulala mchana kutwa, akichoka apumzike halafu arudie. Mkimpata mtaalamu wa mazoezi ya viungo ni bora zaidi. Ale protini ya kutosha, lakini muulizeni daktari kiasi kwa kuwa figo zimetoka kuumwa. Figo zipimwe tena hata kama zilionekana sawa siku ya kuruhusiwa. Na dawa zake zote za zamani zipitiwe upya, hasa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki: asizitumie bila daktari kujua historia hii.

Na kaeni macho. Aliyetoka kwenye sepsisi yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata maambukizi tena, hasa miezi ya mwanzo. Akianza kupumua haraka, akichanganyikiwa ghafla, mkojo ukipungua sana, ngozi ikawa baridi yenye mabaka, au mkiona tu hayuko kama alivyokuwa jana, msisubiri homa. Kwa wazee homa inaweza isije kabisa, na mwili unaweza kuwa wa baridi kuliko kawaida, hiyo ni mbaya zaidi. Mpelekeni, na mkifika semeni sentensi hii mapema, kabla hamjaulizwa: "Alishalazwa ICU kwa sepsisi."

Nitumie ujumbe binafsi leo jioni uniambie anatumia dawa gani, tuandike pamoja maswali ya kumpelekea daktari wake.